Barabara Zilizoachwa: Baiskeli na Kimya katika Maandishi ya Wafaransa

Baiskeli inapotajwa pamoja na Ufaransa, fikira za wengi hukimbilia Tour de France, mashindano yaliyoasisiwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto kwa tamaa ya kumshinda mpinzani wake katika kuuza nakala. Hapana la kustaajabisha katika hilo. Mashindano yale yalizaliwa na gazeti, yakanyonyeshwa wino, na waandishi wakayavika majoho ambayo hata leo hayajavuliwa. Roland Barthes, katika Mythologies (1957), aliyasoma kama utendi: mashujaa wenye majina ya sifa, milima yenye hulka za watu, Mont Ventoux ukiwa mungu dhalimu anayedai kafara. Msomaji wa pwani aliyelelewa na tenzi za vita humwelewa Barthes bila ya mkalimani.

Walakini Wafaransa wana bahari nyingine ya maandishi ya baiskeli, na hiyo ndiyo isiyosomwa sana. Haina mshindi wala saa. Mtu mmoja, pengine wawili, hutoka asubuhi kwa njia ya shamba isiyopitwa na magari, hupanda kilima, huserereka upande wa pili, hula mkate chini ya mti, na magharibi huomba chumba katika nyumba ya wageni ya kijiji. Uchache wa matukio ni sehemu ya utanzu wenyewe. Kwa hivyo ubora wa maandishi haya hauwezi kupimwa kwa kisa. Hupimwa kwa namna mwandishi anavyokitendea kimya. Na hapo ndipo wengi wao huteleza.

Barabara zenyewe zastahiki maneno machache. Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara, na sehemu kubwa kabisa ni za vijiji na za mikoa, si zile kuu. Sheria ya mwezi Mei 1836 ilivilazimisha vijiji kutunza njia zao na ikaviwekea utaratibu wa kupata fedha na nguvu za watu kwa kazi hiyo. Kijiji kikaungana na jirani zake kwa njia tatu nne nyembamba, zenye kupinda kufuata mipaka ya mashamba na zizi la fulani. Katika ramani za Michelin barabara kuu ni nyekundu, za kadiri ni za manjano, na hizi ndogo zimeachwa nyeupe. Mpanda baiskeli mzoefu huutafuta weupe huo kama msomaji wa shairi anavyotafuta kituo, maana ndipo atakapovuta pumzi.

Wa kutangulizwa ni Maurice Leblanc. Ulimwengu unamjua kwa Arsène Lupin, mwizi muungwana aliyemzusha mwaka 1905. Miaka saba kabla, mwaka 1898, alichapisha riwaya iitwayo Voici des ailes, yaani "Haya Hapa Mabawa". Jozi mbili za mume na mke, watu wa Paris, wanafunga safari ya baiskeli kupitia Normandie na Bretagne. Wanapoanza ni watu wa adabu za sebuleni. Kila siku inayopita wanavua kitu: wanawake wanaliacha vazi la kubana mbavu, wanaume wanaacha majigambo, na mwishowe kila mmoja anajikuta na mwenza asiyekuwa wake, bila ya ugomvi wowote. Kisa hicho huenda kikamkera msomaji wa huku, na Leblanc ana sehemu yake ya lawama, kwani amekirahisisha mno, kama kwamba ndoa ni mpira wa baiskeli, ukichakaa unabadilishwa. Thamani ya riwaya imo katika kurasa za njiani. Humo baiskeli si mnyama wa kupandwa. Ni mwili wa binaadamu ulioongezewa viungo. Mpandaji hatazami mandhari kama mtu wa dirishani, bali anapita ndani yake, na harufu ya nyasi zilizokatwa inamfikia kabla ya shamba lenyewe. Mwaka 1898 hayo yalikuwa mapya, na kuna aya ambazo mpaka leo hazijazeeka.

Jambo ambalo Leblanc halisemi, na labda hakuliona, ni sababu ya njia zake kuwa tupu kiasi kile. Nusu karne kabla, barabara za namna ile zilijaa magari ya farasi ya abiria, mikokoteni ya mizigo, wahunzi wa kwato, na nyumba za kubadilishia farasi. Reli ndiyo iliyozifagia. Mpango wa waziri Freycinet wa mwaka 1879 ulikusudia kuifikisha reli hadi kwenye miji midogo, na kila ilipofika, barabara iliyokwenda sambamba nayo ikafiwa. Wapanda baiskeli wa miaka ya 1890, ambao mwaka 1890 waliunda Touring Club de France, walirithi njia pana, zilizotunzwa, zisizokuwa na mtu. Gari la mota lilikuwa ndiyo kwanza linatoka karakana. Uhuru anaousifu Leblanc, basi, umesimama juu ya riziki iliyokatika ya watu ambao hawamo katika riwaya yake hata kwa jina. Hilo halimwondolei uzuri wake. Linampunguzia ukamilifu.

Paul de Vivie hakuwa mtunzi wa riwaya, na labda ndiyo maana amewapita wengi. Alizaliwa mwaka 1853, akafanya biashara ya hariri mjini Saint-Étienne, kisha akaiacha hariri akashika baiskeli. Mwaka 1887 alianzisha jarida lililokuja kuitwa Le Cycliste, na humo, kwa jina la kalamu la Vélocio, akaandika safari zake mpaka uzeeni. Alikuwa halali nyama, akila matunda, mkate na mchele, na alipenda kusafiri usiku kucha kutoka milima ya nyumbani kushukia bonde la Rhône mpaka Provence, jua limkute kwenye mizaituni. Aliipigania gia ya kubadilisha wakati ambapo wakuu wa Tour de France waliiona ni udhaifu. Wao hawakuikubali hadi mwaka 1937, naye alikuwa kaburini miaka saba.

Nathari ya Vélocio ni kavu. Inataja umbali, meno ya gia, chakula, upande wa upepo. Msomaji mwenye haraka ataiweka chini akidhani ameshika daftari la duka. Asiiweke. Ukavu ule ni heshima kwa jambo lisilotaka kupambwa. Vélocio haandiki kwamba usiku ulikuwa mtulivu. Anaandika kwamba kati ya kijiji hiki na kile alitumia saa moja na robo na taa yake ilizimika mara mbili kwa upepo, au maneno ya aina hiyo, na msomaji hukisikia kimya chenyewe baina ya tarakimu. Waswahili walikwisha sema kwamba kimya kina mshindo mkuu. Hawakusema kwamba mshindo huo huelezwa kwa vivumishi. Waandishi wa leo wanaorudia neno "utulivu" mara tatu katika ukurasa mmoja wangelifaidika kwa kukaa wiki moja na daftari la mzee huyu. Alifariki mwaka 1930 kwa kugongwa na tramu mjini kwao, akiwa anatembea kwa miguu, baiskeli ameishika mkononi.

Mji huo huo wa Saint-Étienne ulimzaa Paul Fournel mwaka 1947, na kitabu chake, Besoin de vélo (2001), ndicho kilichowarudisha wapenzi wa fasihi kwenye maudhui haya. Jina lake tu lamtia mfasiri mtihanini. "Haja ya Baiskeli" ingelichekesha baraza nzima, kwa sababu zinazojulikana. "Uhitaji wa Baiskeli" inanuka ofisi na mihuri. "Kiu ya Baiskeli" ingekaribia, ijapokuwa kiu huisha kwa maji na anachokisema Fournel hakiishi. Kitabu kimekatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikijitosheleza kama ubeti: upepo, ajali, rangi za mashati, njaa inayomwangusha mpandaji ghafla, wenzake wa njiani. Hakipambi maumivu wala hakiyafichi.

Ni muhimu kujua kwamba Fournel ni mwanachama wa Oulipo, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1960 na Raymond Queneau na François Le Lionnais, ambayo washairi na wanahisabati wake hujifunga kwa masharti ya makusudi ili watunge. Yupo aliyeandika riwaya nzima bila ya herufi moja. Kwa msomaji aliyeshuhudia mabishano ya Kiswahili, tangu miaka ya 1970, baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, jumuiya hii ina kichekesho chake: wakati huku vijana waliituhumu mizani kuwa ni pingu, huko Paris watu wa usasa mkali kabisa walikuwa wakijitengenezea pingu mpya kwa furaha. Fournel anaipanda baiskeli kwa imani hiyo hiyo. Kilima ni sharti. Upepo wa mbele ni sharti. Idadi ya gia ni mizani, na mpandaji mwenye gia chache hujifunza kuweka pumzi yake pale panapostahiki, sawa na mtunzi wa utenzi mwenye mizani nane asiyeweza kupoteza hata silabi moja. Hapana aliyepata kuueleza mwili wa mpanda baiskeli vizuri kuliko yeye.

Kuna istilahi moja ya wapanda baiskeli wa Kifaransa inayofaa kutajwa hapa, faux plat. Maana yake ni kipande cha barabara kinachoonekana sawa kwa jicho, ilhali kinapanda. Macho yanasema tambarare, miguu inakanusha. "Tambarare ya uongo" ni tafsiri sahihi lakini haina ladha, na Unguja, ambayo kilele chake hakifiki mita 150, haikuwa na sababu ya kulizaa neno hilo mapema. Wavuvi pengine wanalo la kwao kwa maji yanayoonekana yamelala kumbe yana mkondo. Mfasiri angelianzia kwao kuliko kamusini.

Hata hivyo Fournel, kwa ubingwa wake wote, anabaki ndani ya mwili wake. Barabara tupu kwake ni ukurasa mtupu, mahali pa kuandikia. Kwamba ukurasa huo uliwahi kuandikwa na wengine ukafutwa, hilo hugusiwa kwa mbali.

Na upungufu huo umezidi katika nathari ya vitabu vya miongozo, ambayo sasa imekuwa nyingi kuliko fasihi yenyewe. Sababu ipo. Mwaka 1997 njia ya reli iliyokufa baina ya Givry na Cluny, katika Bourgogne ya kusini, ilifunguliwa kuwa njia ya lami ya wapanda baiskeli na waendao kwa miguu, kilomita 44, hapiti gari. Wafaransa waliiita voie verte, njia ya kijani, na mwaka 2004 jina hilo likaingizwa katika kanuni za barabara. Tangu hapo zimezidi: kando ya mto Loire, kando ya mifereji, na kando ya bahari ya Atlantiki, ambako mwaka 2012 ilizinduliwa Vélodyssée, yenye zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Bretagne hadi mpaka wa Hispania. Si njia yote iliyokatazwa magari. Vipande vingi hupita kwenye barabara ndogo za vijiji, zile nyeupe za ramani.

Kazi hiyo ni njema, na mtoto anayejifunza kupanda baiskeli katika stesheni ya zamani ya Cormatin hahitaji ruhusa ya mhakiki. Kinachosumbua ni maneno yaliyofuata. Njia "iliyofichika". Kijiji "kilichosahauliwa na wakati". Ufaransa "halisi". Hakuna kijiji kilichosahauliwa na wakati. Wakati ndio uliokifika kwanza. Reli iliyoifagia barabara ya farasi ilikuja kufagiwa na gari, na sasa mpanda baiskeli anapita juu ya tuta lake. Kwa mara ya pili amerithi mali ya marehemu, na kwa mara ya pili waandishi wake hawaulizi habari za maiti.

Mkoa wa Lozère, unaosifiwa katika kila mwongozo kwa utupu wa barabara zake, ulikuwa na watu zaidi ya 140,000 katika karne ya 19. Leo hawafiki 80,000, nao ndio wachache kuliko wa mkoa mwingine wowote wa Ufaransa ya Ulaya. Juu ya uwanda wa Causse Méjean hawafiki watu wawili kwa kila kilomita ya mraba. Waliondoka kwenda viwandani na mijini, na wengine walikwenda kwenye vita vya 1914–1918 wasirudi. Majina yao yamechongwa katika jiwe la kumbukumbu ambalo takriban kila kijiji kinalo, mara nyingi karibu na bomba la maji ambapo mpanda baiskeli hujaza chupa yake. Mwandishi anayejaza chupa asiyasome majina ameandika nusu ya ukurasa. Ajabu ni kwamba aliyeiona hali ya sehemu hizo kwa jicho kali zaidi ni mgeni tena mshindani, Mholanzi Tim Krabbé, ambaye katika De renner (1978) anasimulia mbio moja ya kilomita 137 kuzunguka Mont Aigoual. Yeye hasifii chochote. Anapita kasi, moyo unamwenda mbio, na upweke wa nchi ile unaingia kwenye sentensi zake fupi bila ya kuitwa.

Abakiye ni Louis Nucéra, na kama msomaji ana nafasi ya kitabu kimoja tu, basi kiwe chake. Nucéra alizaliwa Nice mwaka 1928, akawa karani wa benki, kisha mwandishi wa habari, kisha mtu wa sahani za muziki na wa nyumba ya uchapaji, na mwaka 1981 akapata tuzo ya Interallié kwa riwaya yake Chemin de la Lanterne. Katikati ya miaka ya 1980, akiwa amevuka umri wa miaka 50, alitoka peke yake kuifuata njia yote ya Tour de France ya mwaka 1949, ile aliyoshinda Mtaliana Fausto Coppi, kilomita zaidi ya 4,800. Safari hiyo ndiyo iliyozaa Mes rayons de soleil (1987).

Kwa dhahiri kitabu hiki ni cha utendi, kwani kimejaa mashujaa. Lakini mashujaa wenyewe walikwisha pita miaka 36 nyuma, na wengi wamekufa. Coppi mwenyewe aliuawa mwaka 1960 na malaria aliyoipata Volta ya Juu, nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Nucéra anapopanda mlima ambao Coppi aliupanda, watu waliojipanga kandoni hawapo, nyimbo hazipo, vumbi limegeuka lami. Kila kona ina jina la mtu. Hapo ndipo alipowashinda Leblanc na Fournel: kimya chake kina wenyewe. Anajua kwamba anapita mahali palipokuwa na makelele, na anayaandika makelele yale ili utupu uonekane ulivyo. Kasoro zake zinajulikana. Anapenda mno kutaja waandishi rafiki zake, na zipo kurasa ambazo orodha ya majina inamzuia kwenda. Pia hasira yake dhidi ya zama hizi, khasa dhidi ya magari, humfanya mara nyingine ahubiri. Lakini hasira hiyo haikuwa ya bure. Tarehe 9 Agosti 2000, karibu na Carros, juu ya Nice, aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli yake, akafariki.

Sheria ya Ufaransa humtaka mwenye gari aache mita moja na nusu anapompita mpanda baiskeli nje ya mji. Mwaka 2018 mwendo wa juu katika barabara za njia mbili zisizotenganishwa ulishushwa kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 80. Mwaka uliofuata sheria nyingine ikairuhusu mikoa kurejesha 90, na kadhaa ya mashambani ikarejesha. Yeyote anayesoma Mes rayons de soleil leo hawezi kuyaweka mambo hayo nje ya kitabu. Kila gari linalotajwa humo, hata lile lililopita salama, msomaji humshikia mwandishi pumzi.

Atakayekifasiri ataanzia kwenye jina, na jina litamkwamisha. Rayon kwa Kifaransa ni mwale wa jua, na pia ni spoki ya gurudumu. Nucéra amevifunga viwili hivyo katika neno moja, na magurudumu yake yakawa jua. "Miale Yangu ya Jua" inapoteza baiskeli. "Spoki Zangu za Jua" inapoteza jua, tena inachekesha. Kiswahili kinalo neno "mshale", ambalo hutumika kwa mshale wa saa na kwa mshale wa jua, na fundi atakayelisikia akiwa ameshika gurudumu huenda asishangae sana. "Mishale Yangu ya Jua" ni pendekezo, si hukumu. Lina ukali ambao asili haina, kwani mshale huua. Wafasiri wengi huliacha jina la kitabu hadi kazi yote imekwisha, na kwa kitabu hiki hapana njia nyingine.